Bwawa la urithi bondeni: kulikarabati, kulishusha au kulifungua?

Kwetu Pemba ukimwambia mtu una bwawa shambani, atakuuliza kama lina samaki. Wa pili atauliza kama anaweza kuleta ng'ombe wake wanywe. Sijapata kukutana na anayeuliza: maji yakizidi yanatokea wapi?

Hata sisi wenyewe hatukuwahi kuuliza. Bwawa letu alilijenga babu bondeni, chini ya mikarafuu, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikinga kijito kwa tuta la udongo ili apate maji ya kunyweshea vitalu vya miche na mboga za wakati wa kaskazi. Katapila hakuwa nalo. Alikuwa na majembe, matenga na wenziwe wa kijijini. Tuta lina urefu wa hatua 40 hivi, na pale katikati kimo chake ni kama mita 3. Babu alipofariki bwawa likawa la warithi saba, na mali ya warithi saba mnaijua: siku ya kuvua wote ni wenyewe, siku ya kufyeka mwenyewe hayupo.

Mwaka juzi tulikaa kikao, kila mtu na lake. Ami yangu mkubwa alitaka likarabatiwe lijae kama zama za babu. Binamu yangu alikwisha kutia perege humo bila kumuuliza mtu. Shangazi yetu, ambaye kipande chake cha mpunga kiko chini ya tuta, alitaka lifunguliwe, bonde lirudi kuwa bonde. Ninayoyaandika hapa yametokana na mabishano yale, kwa faida ya yeyote aliyeachiwa bwawa la namna hii na hajui alifanye nini.

Lipimeni kwanza

Tulibishana wiki mbili kabla hatujapima chochote. Kosa. Vipimo vitatu vya asubuhi moja vilimaliza nusu ya ugomvi.

Cha kwanza ni kilele cha tuta. Fundi mwashi wa kijijini alikuja na mpira wake wa maji, ule mwembamba wa kuonesha ndani ambao mafundi hutumia kusawazishia msingi, pamoja na vigingi tisa. Tukavipiga kutoka ncha hadi ncha. Vigingi vinane vilikaribiana. Cha tisa, pale ng'ombe wanapovukia kwenda malishoni, kilikuwa chini kwa shibiri moja na zaidi. Tumepita pale tangu utotoni, tukienda skuli na kurudi, na hakuna aliyewahi kuona kwamba pamebonyea. Kwa maji, kimo cha tuta ni kimo cha pale palipobonyea. Hayo mengine yaliyoinuka hayasaidii kitu.

Cha pili ni maji yanayovuja. Tuta la udongo huvuja kidogo, hata likiwa zima. Nenda nyuma yake, pale chini kabisa linapokutana na ardhi, utafute penye ubichi hata wakati wa jua kali, au penye majani mabichi kuliko jirani zake. Kinga maji hayo kwenye bilauri, uinyanyue kwenye mwanga. Yakiwa maangavu, andika tarehe, kisha kinga kwenye ndoo upime inajaa kwa dakika ngapi, urudie kila mwezi. Yakiwa na vumbi la udongo, au kiasi kinaongezeka wakati bwawa halijapanda, jua kwamba maji yanajichimbia mfereji ndani ya tuta na yanatoka na tuta lenyewe. Hapo hakuna tena cha kulinganisha. Teremsheni maji, na walio chini waambiwe siku hiyo hiyo.

Cha tatu ni hesabu ya mvua. Bwawa letu likijaa lina mita 40 kwa 30, na kina cha wastani wa mita moja na nusu. Hizo ni mita za ujazo 1,800, yaani tani 1,800 za maji. Vilima vinavyolimiminia ni kama hekta 10. Mvua ya milimita 100 kwa siku moja, ambayo wakati wa masika si kioja, inamwaga mita za ujazo 10,000 juu ya hekta 10. Ardhi ikinywa nusu, zinabaki 5,000 zinazokuja bwawani. Karibu mara tatu ya bwawa zima, kwa siku moja, na huenda bwawa lenyewe limeshajaa tangu jana. Maji yote hayo lazima yapate pa kupita. Yakikosa yatapita juu ya tuta, na tuta la udongo halivumilii kupitiwa juu: mgongo wake unaparurwa, mfereji unakatika, unapanuka, na kabla ya kucha bonde zima limepata tani zile zote kwa mkupuo.

Njia ya maji ya ziada mafundi huiita utoro. Jina limekaa vizuri, maji yanatoroka kwa ruhusa. Utoro wa babu ulikuwepo, ubavuni, kwenye ardhi ngumu ya kilima, lakini majani yalikwisha kuufunika, na binamu alikuwa ametandaza wavu mdomoni mwake ili perege wasichukuliwe na maji.

Nilipouona wavu ule nilikumbuka habari ya Johnstown, kule Pennsylvania nchini Marekani. Juu ya mji ule kulikuwa na bwawa la zamani la tuta la udongo, mali ya klabu binafsi ya matajiri wavuvi. Mabomba ya kuteremshia maji yalikuwa yameondolewa zamani. Kilele kilikuwa kimepunguzwa ili magari ya farasi yapishane. Utoroni wakaweka nyavu za chuma wasipoteze samaki wao. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ikashuka, matakataka yakaganda kwenye nyavu, maji yakapanda juu ya tuta, tuta likaenda. Watu 2,209 walikufa. Sisi bwawa letu ni kidimbwi ukilipima na lile, lakini makosa yetu yalikuwa yale yale, moja baada ya jingine: hakuna bomba la chini, kilele kimebonyea njiani, wavu uko utoroni.

Na anayeona Marekani ni mbali, Solai si mbali. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi katika kaunti ya Nakuru, Kenya, lilipasuka wakati wa masika likaua watu zaidi ya 40. Wengi walikuwa ndani ya nyumba zao.

Kulikarabati lijae tena

Hili ndilo chaguo la moyo. Unapata maji mengi, samaki, na sura ya bwawa kama lilivyo kwenye kumbukumbu za wazee. Wanaolitaka, kwa niliyoyaona, hawaijui kazi yake.

Kukarabati si kumwaga udongo juu ya palipobonyea. Udongo mpya uliomwagwa juu ya majani haushikani na wa zamani. Maji yatapita katikati ya hizo tabaka mbili. Inabidi ufyeke, ukwangue mpaka udongo safi, kisha upandishe tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ikishindiliwa ikiwa na unyevu wa kutosha, udongo ule ambao ukiufinyanga mkononi unashikana bila kukuchafua kwa tope. Udongo wenyewe uwe wa mfinyanzi; mchanga wa pwani haufai hata bure. Kilele kiwe na upana usiopungua mita 3. Upande wa maji ulale: kwa kila mita ya kimo, mita 3 za mlalo. Upande wa nyuma angalau 2. La babu lilikuwa limesimama kama ukuta upande wa nyuma, kwa sababu kila mwaka mtu alichota udongo pale wa kukandikia nyumba.

Halafu kuna miti. Juu ya tuta letu kulikuwa na minazi miwili na mchungwa. Mnazi mzima una mizizi kila upande; ukifa, mizizi inaoza na kuacha vitundu ambavyo maji huvifurahia. Mchwa na panya nao huchimba vyao. Lakini usikurupuke kung'oa mti mkubwa bwawa likiwa limejaa, maana utaacha shimo katikati ya ukuta wako. Teremsha maji, ung'oe, ushindilie upya.

Kwa ufupi, kukarabati kwa kweli kunakaribia kujenga upya, na kunahitaji mhandisi wa maji wa kuupima utoro, hasa kama chini ya tuta wapo watu. Familia isiyo na fedha hizo ikasema "tutakarabati kidogo kidogo" ndiyo inayonitia hofu kuliko ile isiyofanya kitu, kwa sababu itapandisha maji kabla ya kumaliza tuta.

Kulishusha

Chaguo hili kikaoni hakuna aliyekuja nalo. Alilitoa yule fundi mwashi, akiwa anakunja mpira wake: "Kwani lazima lijae?"

Kulishusha ni kuuchimba utoro uende chini zaidi na uwe mpana, ubavuni kwenye ardhi ya asili, si katikati ya tuta, ili maji yasiweze kupanda zaidi ya hapo milele. Sisi tulipiga hesabu ya kushusha mita 1.2. Kina cha maji pale tutani kinatoka mita 2.5 kinakuwa 1.3. Unaweza kudhani msukumo umepungua nusu. Umepungua zaidi: nguvu ya maji dhidi ya tuta hufuata kina kikizidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo kinachobaki ni kama robo tu ya msukumo wa awali. Maji yanayobaki ni kama mita za ujazo 660, theluthi na ushee kidogo. Na juu yake kuna nafasi tupu ya karibu mita moja na nusu ya kupokelea mvua ya ghafla wakati utoro unafanya kazi yake.

Je, maji hayo yanatosha? Hili ndilo lililomnyamazisha ami. Bustani ya robo heka, kama mita za mraba 1,000, ya mchicha, bilingani na nyanya, inataka kama milimita 5 za maji kwa siku. Hizo ni mita za ujazo 5. Kwa siku 60 za kaskazi kali ni 300. Jua nalo litakula kama milimita 5 kwa siku juu ya uso wa maji, na kwa uso wa mita za mraba 700 hizo ni 210. Jumla 510. Bado kijito hakijahesabiwa, na chetu hakijawahi kukauka kabisa. Kumbe miaka yote tulikuwa tumebeba tani elfu na zaidi juu ya shamba la shangazi kwa ajili ya maji ambayo hakuna aliyeyatumia.

Kasoro zake zipo na nizitaje. Uso wa maji ukirudi nyuma, kingo zinabaki tope jeusi linalomeza mguu hadi gotini. Mtoto akiingia humo hatoki peke yake. Maji ya kina kifupi hupata joto na kuota magugu, na penye magugu pana konokono, nitafika huko. Tena utoro uliochimbwa kwenye udongo mtupu utakatika wenyewe kwa mvua mbili za nguvu. Lazima utandikwe mawe, au uwe mpana na uoteshwe nyasi fupi za kutambaa.

Kulifungua kabisa

Shangazi hakuwa amekosea. Bonde ni mpunga, na tope la miaka 50 nyuma ya tuta lina rutuba. Kama chini ya tuta pana nyumba karibu kabisa, kama maji yanayovuja yana udongo, au kama warithi hawaelewani hata kwa kazi ya kufyeka, chaguo ni hili na sioni haja ya mjadala mrefu.

Ila kufungua si kutoboa. Tundu jembamba katikati ya tuta litazibwa na magogo na majani ya minazi mvua ya kwanza, na hapo umejenga bwawa jingine bila utoro. Huko Mai Mahiu, Kenya, tarehe 29 Aprili 2024, lililokinga maji halikuwa bwawa. Lilikuwa tuta la reli ambalo njia ya maji chini yake iliziba kwa takataka. Lilipoachia, likaua watu zaidi ya 40. Kwa hiyo mkato ufike hadi kitanda cha kijito cha asili, uwe mpana kuliko kijito chenyewe, na kuta zake zilale.

Maji yateremke taratibu kabla ya kukata. Yakishuka kwa pupa, ule upande wa ndani wa tuta uliolowa unaporomoka kwa uzito wake. Sisi tulitumia bomba la plastiki la inchi 3: unalijaza maji, unaziba ncha zote mbili, unalivusha juu ya tuta, ncha ya nyuma iwe chini kuliko uso wa bwawa, unazibua, maji yanajivuta yenyewe bila pampu. Tulifungua asubuhi tukafunga jioni, bwawa likishuka shibiri moja kwa siku. Watoto walidhani ni uchawi. Njia hii itawafaa hata wenye kukarabati au kushusha. Kila bwawa lisilo na bomba la chini linaihitaji.

Ukishafungua, wa kwanza kuathirika ni jirani mwenye mpunga wa chini: tope litamfuata. Mwambie kabla hajapanda.

Kuliacha lilivyo

Wengi wetu tumelichagua hili bila kujua kwamba tumechagua. Kwa bwawa lenye kina cha magotini na chini yake mikoko mitupu, sawa. Kwa jingine lolote, hapana.

Samaki, mboga, ng'ombe, na watoto

Matumizi yanabadilisha uamuzi kuliko watu wanavyofikiri. Perege wanapenda maji mengi, na mfuga perege siku zote atataka bwawa lijae na utoro uzibwe. Matakwa yake na usalama wa tuta havikai pamoja. Zaidi ya hapo, perege wa kike na kiume wakiachwa pamoja bwawani huzaana mpaka wanadumaa. Unavua samaki wa kidole. Na tuseme kweli, mlaji wa Pemba akiwa na changu sokoni, huyo wa maji baridi atamnunua kwa bei ya kuhurumia. Anayetaka kufuga kwa dhati achimbe kibwawa cha kando, cha kina cha mita moja, kilichochimbwa ardhini badala ya kuinuliwa kwa tuta. Hicho kikipasuka hakina pa kumwagikia.

Ng'ombe wasifike kwenye tuta kabisa. Kwato ndizo zilizotubonyezea kilele. Vuta maji kwa bomba hadi kwenye hori, mbali, wanywe huko.

Linaloniuma ni watoto. Tunazungumza tuta kupasuka, jambo ambalo huenda lisitokee, tunasahau yanayotokea kila mwaka: kuzama na kichocho. Kichocho cha visiwa vyetu ni kile cha mkojo wa damu. Mtoto mgonjwa akikojoa majini, mayai yanaanguliwa, viluwiluwi vinaingia kwa konokono wa maji baridi, vinakua, vinatoka kutafuta ngozi ya mtu. Na hutoka kwa wingi jua likiwa juu, karibu na adhuhuri. Saa ile ile watoto wanatoka skuli na joto limewazidi. Dawa ipo, prazikwanteli, na kampeni za kugawa dawa zimepita skuli na majumbani Unguja na Pemba, lakini mtoto aliyetibiwa Jumatatu akirudi kuoga Jumanne anaweza kuambukizwa upya. Kwa hiyo bwawa lolote litakalobaki na maji, lililokarabatiwa au lililoshushwa, lizungushiwe uzio wa miti, kingo zake zing'olewe magugu, na maji ya kufulia yatoke kwa bomba hadi kwenye jiwe la kufulia nje. Ukiona uzio hauwezekani, rudi kwenye chaguo la kufungua.

Nani yuko chini?

Nikiulizwa kipimo kimoja tu cha kuamulia, ni matembezi. Simama nyuma ya tuta, ufuate kijito kwenda chini hadi pwani au kilomita moja, ukihesabu: nyumba, kisima, njia ya watoto, daraja, mpunga wa watu. Ukikuta nyumba hata moja usawa wa maji, usikarabati bila mhandisi. Shusha au fungua. Ukikuta mpunga tu, kushusha kunatosha. Kama hakuna kitu na fedha unazo, haya, karabati ujifurahishe.

Sisi tulikuta nyumba mbili, moja ya mtu tunayesali naye msikiti mmoja. Hakuwa akijua kwamba nyuma ya mikarafuu kuna maji kiasi kile juu ya kichwa chake.

Kuhusu vibali: ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Serikali, na sheria ya mwaka 1992 inampa mtu haki ya kuitumia, basi "bwawa langu" ni maneno ya mdomoni. Anza kwa sheha wa shehia yako, na kabla ya kugusa kijito uulize Mamlaka ya Maji, ZAWA, na ile ya mazingira, ZEMA. Warithi wote waweke saini. Kazi ya udongo ifanyike Januari na Februari, au baada ya mvua za mchoo, zile ndogo zifuatazo masika, kupita. Ukianza Machi masika yatakukuta na tuta lililofumuliwa.

Tulishusha. Watu sita, siku nane, na mawe tuliyoyabeba kwa gari la ng'ombe. Minazi miwili imekatwa, mchungwa ami aliulilia ukahamia kwenye orodha ya mwaka ujao. Wavu wa binamu umetolewa. Perege wake walioondoka na maji walionekana wiki nzima kwenye madimbwi ya mpunga wa shangazi, naye hakurudisha hata mmoja.